Trela ya safari inavuja: fuata njia ya maji kabla ya kushika bunduki ya silikoni

Ukiona doa la maji kwenye dari la trela yako, kishawishi cha kwanza ni kukimbilia dukani kununua silikoni, kupanda juu ya paa na kupaka kila mshono unaoonekana. Mvua inayofuata doa linarudi, na mara nyingi limekua, kwa sababu maji yaliyokuwa yakijitokea taratibu sasa yamefungiwa ndani ya ukuta. Plaiwudi inaanza kuoza bila mtu kujua. Ukuta mzima unakuja kubomolewa kwa tatizo ambalo lingekwisha kwa kipande cha tepu.

Nawaandikia wenye trela za kulala, zile zinazovutwa na Land Cruiser au pikapu kwenda mbugani, pamoja na mafundi wanaozijenga katika karakana zetu: fremu ya skwea paipu, alumini au faibaglasi nje, plaiwudi ndani, madirisha mawili matatu, tundu la hewa juu. Aliyenunua trela iliyotengenezwa Marekani au Afrika Kusini atakuta mengi humu yanamhusu pia. Msimamo wangu ni kwamba gundi ya kuzibia ni ulinzi wa mwisho. Trela isiyovuja ni ile ambayo umbo lake linayafukuza maji, viungo vyake vina nafasi ya kucheza, na yale maji machache yatakayopenya yana mahali pa kutokea.

Kwanza jiulize: yanaingia lini?

Maji yakishapenya paani hayashuki wima. Hutambaa juu ya mabomba ya fremu, hufuata waya wa taa, huvuka kiungo hadi kiungo, kisha hudondoka pale yanapokutana na kizuizi. Doa unaloliona linaweza kuwa mita mbili kutoka kwenye tundu lenyewe. Kwa hiyo mahali pa doa panakuambia kidogo. Wakati wa kutokea kwake unakuambia mengi zaidi. Je, linatokea trela ikiwa imeegeshwa mvuani? Ikiwa barabarani tu? Asubuhi baada ya usiku mkavu? Au hata kiangazi, siku ambazo pampu ya maji inatumika? Kila jibu lina chanzo chake, na ukilipata sawasawa umeshamaliza nusu ya kazi.

Kwa uchunguzi wenyewe, chukua mpira wa maji bila kuubana mdomo, maji yatoke kwa utulivu kama mvua. Anza chini kabisa ya ukuta. Mimina dakika kumi kwenye ukanda mmoja, mtu akiwa ndani na tochi, milango ya makabati ikiwa wazi. Pakiwa pakavu, panda ukanda unaofuata. Wengi huanza juu, na papo hapo wanaharibu jaribio, maana maji ya paani yanateremka juu ya madirisha, taa na mishono yote kwa wakati mmoja, na hutajua ni ipi iliyoyaingiza.

Njia ya pili, inayotumiwa na karakana nyingi za trela Marekani, ni kuijaza trela upepo. Hakikisha kwanza majiko yamezimwa na mtungi wa gesi umefungwa. Funga madirisha na mlango, ziba kwa muda matundu ya hewa kwa nailoni na tepu, weka feni yenye nguvu kwenye tundu la paa ikipuliza kuingia ndani, kisha nyunyiza maji ya sabuni nje. Palipo na tundu patatoa mapovu. Tumia feni au blowa ya majani; usitumie kompresa ya karakana, kwa sababu shinikizo lake linaweza kung'oa viungo ambavyo vilikuwa vizima. Ukimaliza, ondoa nailoni zote.

Njia ya tatu haigharimu chochote, na binafsi ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Baada ya safari ya kiangazi kwenye barabara ya changarawe, usifagie. Fungua makabati, inua magodoro, angalia nyuma ya droo. Utaona mistari myembamba ya vumbi ikianzia kwenye kona fulani, kwenye tundu la waya, chini ya fremu ya dirisha. Pale vumbi lilipopita, maji yatapita. Piga picha kila mstari, na hapo unayo orodha yako ya kazi kabla masika hayajaanza.

Paa linavuja trela ikiwa imeegeshwa

Mwaga ndoo ya maji juu ya paa na usubiri robo saa. Yakibaki madimbwi, tatizo lako la kwanza ni umbo. Plaiwudi nyembamba iliyolazwa juu ya vyuma vilivyoachana sana hulegea katikati baada ya miezi michache ya jua, na hapo maji hukaa siku nzima yakitafuta tundu. Hakuna gundi iliyokusudiwa kuishi chini ya dimbwi na jua la ikweta kwa zamu. Kwa trela yenye upana wa mita mbili, mimi hupenda paa lenye mgongo wa angalau sentimita tano katikati, na vyuma vya paa visivyoachana zaidi ya sentimita arobaini. Kwa trela iliyokwisha kujengwa, ongeza vyuma kwa ndani, au uegeshe pua ikiwa juu kidogo hadi utakapopata nafasi ya kulijenga upya.

Paa likiwa halina dimbwi, tafuta matundu yaliyotobolewa. Mara nyingi mwenyewe amesahau idadi yake: skrubu za sola, miguu ya kabati la juu, taa, kivuli cha pembeni, antena. Kila skrubu ni njia. Fungua moja uitazame; ikiwa na kutu kwenye nyuzi zake chini ya kichwa, maji yamekuwa yakishuka kupitia hapo.

Kuna kifungio kimoja ambacho mafundi wetu wanakitumia sana bila kukishuku, nacho ni ribiti ya kawaida ya kuvuta kwa koleo. Ribiti hiyo ina tundu katikati. Msumari wake wa ndani ukikatika na kudondoka, kunabaki bomba dogo lililo wazi kutoka nje hadi ndani, na paa moja linaweza kuwa nayo mamia. Kwa paa na kuta za nje, dai ribiti zilizozibwa mwisho. Ni ghali zaidi na zinahitaji nguvu zaidi kuvuta, lakini hakuna cha kujadili hapa. Kama zimeshapigwa za kawaida, kila kichwa kipakwe gundi, na uzikague zote kila mwaka.

Skrubu za mabati zenye raba nazo zina muda wake. Raba hukauka na kupasuka juani, na fundi akikaza kupita kiasi siku ya kwanza anaiminya hadi inachanika.

Sasa silikoni. Ile ya bei nafuu inayonuka siki inatoa asidi wakati wa kukauka, na asidi hiyo inakula zinki ya bati na chuma kilicho wazi. Chini ya mstari mweupe unaong'aa unaweza kukuta kutu tayari. Kibaya zaidi, silikoni ya aina yoyote huacha utando ambao gundi nyingine haiushiki, hata rangi haiushiki. Ukiikuta, hakuna njia ya mkato: ikwangue kwa kisu cha plastiki, isugue, ifute kwa spiriti safi kwa kitambaa kinachobadilishwa, urudie. Ukipaka gundi mpya juu ya silikoni ya zamani umetupa pesa. Kwa wenye trela za Kimarekani zenye paa la raba ya EPDM, silikoni haishiki hapo kabisa. Tumieni gundi laini inayojisawazisha iliyotengenezwa kwa ajili ya raba hiyo.

Kwa vitu vinavyofungwa kwa skrubu na huenda vikafunguliwa siku moja, kama fremu ya tundu la hewa, taa na dirisha, weka tepu ya butili chini ya kifaa. Butili haigandi kamwe. Hubaki laini na kunata miaka mingi. Kaza skrubu taratibu kwa zamu hadi ikamuliwe pembeni, rudi baada ya siku mbili tatu ukaze tena kwa sababu itakuwa imetulia, kisha kata iliyotokeza na ufunike kingo na vichwa vya skrubu kwa gundi ya poliyurethani ya magari. Sikaflex-221 ni mfano wa hiyo ya kuzibia. 252 ni ya kubandika vipande vya bodi, nazo zisibadilishwe kiholela. Poliyurethani hushika vizuri sana lakini jua huipasua usoni, basi ipake rangi au uifunike.

Inavuja barabarani tu, ikisimama ni kavu

Dalili hii huwachanganya wengi. Umemwagia maji nusu siku na hukuona tone, lakini ukiendesha kwenye mvua kutoka Voi hadi Mombasa, godoro la mbele limelowa.

Chanzo ni upepo. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, upepo unaogonga uso wa mbele wa trela una shinikizo la kutosha kuyainua maji kama sentimita tatu. Kwa kilomita 100 ni karibu sentimita tano. Maana yake ni kwamba mkunjo wa bati uliosimama sentimita mbili, ambao ungetosha kwenye nyumba, maji yanauruka yakiwa mwendoni. Dirisha la mbele, mshono kati ya uso na paa, na mdomo wa mbele wa tundu la hewa ndivyo vya kwanza kukaguliwa. Bati la paa linapaswa kukunjwa na kushuka juu ya bati la uso, lisipungue sentimita tano, na chini yake kuwe na butili. Pale mapishano yanapoelekeza mdomo wake mbele, upepo unayasukuma maji ndani. Nimeona trela nyingi zilizopigwa vizuri, kwa chuma kizuri, zikiwa na kosa hili moja tu: bati la uso limepandishwa juu ya la paa kwa sababu fundi alimaliza paa kwanza.

Kama mapishano yako sawa, shuku kucheza kwa bodi. Mshono uliofumba trela ikiwa imesimama unaweza kufunguka inapovuka korongo. Inua kona moja ya nyuma kwa jeki hadi uzito uhame, ukiangalia nafasi kati ya mlango na fremu yake. Ikiwa nafasi inabadilika wazi kwa macho, au mlango unakataa kufunga, chesi yako, yaani fremu ya chini, inajikunja na bodi inajikunja nayo. Hapo dawa ni chuma: ongeza vyuma vya kukatiza, na uimarishe pale ulimi wa kuvutia unapoungana na chesi. Kabla ya kuchomelea angalia mambo mawili ya bure. Pima mzigo, kwani uzito unaokaa kwenye ulimi unapaswa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela. Ukipungua, trela hupepesuka na kila kiungo kinateseka, mbali na hatari ya ajali. Kisha tazama upepo wa matairi. Matairi yaliyojazwa upepo wa barabara ya lami yakipelekwa kwenye mawimbi ya changarawe yanaipiga bodi nzima mitetemo mfululizo hadi skrubu zinajifungua zenyewe.

Gundi inapasuka mahali palepale kila mwaka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapotea.

Alumini ikipata joto hurefuka karibu mara mbili ya chuma. Bati la alumini la mita nne, likitoka baridi ya alfajiri hadi jua la saa nane, tofauti ya nyuzi 40, hurefuka karibu milimita 3.7. Fremu ya chuma chini yake, hata ingepata joto lilelile, ingerefuka milimita 1.9 tu. Kila siku basi kuna milimita mbili za mvutano kati ya bati na fremu, kwenda na kurudi, na mshono ndio unaozibeba.

Gundi nyingi nzuri huvumilia kuvutika takriban robo ya upana wake. Ili mshono ubebe milimita mbili unahitaji upana wa milimita nane. Fundi anayeona fahari kuacha mstari mwembamba kama uzi, uliofutwa kwa kidole, amejenga ufa wa kesho. Gundi ilihitaji mwili wa kuvutika nao, na haikuupata.

Kosa la pili ni gundi kushika pande tatu. Mfereji ukijazwa hadi chini, gundi inashika kuta mbili pamoja na sakafu ya mfereji. Kuta zikiachana haiwezi kunyooka, inachanika. Weka kwanza kamba ya sponji au hata tepu ya plastiki chini ya mfereji ili gundi ishike kuta mbili tu. Mafundi wa majahazi wa Lamu wana kalafati yao ya pamba na mafuta, lakini wao wanasaidiwa na mbao zinazovimba baharini na kuufumba mshono. Trela huishi juani, mbao zake zinanywea, na mshono unazidi kufunguka; mbinu ya jahazini haitakuokoa hapa.

Pale inapowezekana, acha kulifunga bati kwa skrubu nyingi kwenye fremu. Libandike kwa gundi ya kubandika, tabaka la milimita tatu hivi, ili licheze juu ya gundi bila kuvuta matundu. Weka vipande vidogo vya raba vya unene huo huo kati ya bati na chuma ili gundi isikamuliwe yote.

Ukuta umevimba au unasikika mtupu

Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua. Sauti ikibadilika kutoka kavu kuwa nzito au tupu, tabaka limeachana: faibaglasi imeiacha plaiwudi, au plaiwudi imeachana yenyewe kwa yenyewe. Trela za kuta zilizobandikwa tabaka kwa tabaka, zinazotoka kwa wingi viwandani Elkhart, Indiana, Marekani, zina plaiwudi nyembamba sana chini ya faibaglasi, na zikipata maji huvimba haraka.

Uvimbe hauanzii katikati. Maji yameingia ukingoni: ukanda wa kufunika kona, ukingo wa chini wa dirisha, taa ndogo za juu ambazo raba yake imekauka. Kudunga gundi ndani ya uvimbe kabla ya kulipata tundu ni kuifungia maji plaiwudi. Ziba kwanza, kausha, ndipo uamue kama kipande kinafaa kuokolewa au kukatwa. Plaiwudi ambayo bisibisi inazama bila nguvu ikatwe.

Anayejenga upya aige mafundi wa boti. Kingo zote za plaiwudi zipakwe epoksi mara mbili tatu, maana huko ndiko inakonywa maji. Kila tundu la skrubu litobolewe kubwa kuliko linalohitajika, lijazwe epoksi, likishakauka litobolewe tena saizi halisi. Skrubu ikija kuvuja siku za mbele, maji yatakutana na epoksi badala ya mbao. Kazi hii inachosha na mteja haioni. Ifanye hata hivyo.

Matone ya asubuhi, na usiku haikunyesha

Ukilala kwenye kambi za ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, utaamka na maji kwenye dari hata kiangazi. Hilo si tundu. Ni pumzi yenu, na gesi. Kila kilo ya gesi ya kupikia inayoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke, na mvuke huo unakwenda kugandia kwenye kilicho baridi zaidi. Utaitambua dalili hii kwa umbo lake: matone yanafuata mistari ya vyuma vya fremu, au vichwa vya skrubu, kwa usawa pande zote. Tundu halisi halina usawa huo.

Dawa ni kukata njia ya baridi. Weka ukanda wa sponji ngumu kati ya chuma cha fremu na ubao wa ndani, na uache hewa ipite chini na juu. Hapa nawasihi: matundu ya hewa ya chini na ya juu yasizibwe kamwe, hata kama vumbi linaingia. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. Moto wa jiko hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Trela iliyozibwa kila upande dhidi ya maji imeshaua watu. Usilale na jiko linawaka, na weka ndani king'ora cha monoksidi ya kaboni, ndiyo hewa hiyo ya sumu.

Dirisha

Madirisha ya kuteleza ya alumini yaliyotengenezwa kwa ajili ya nyumba yamejaa kwenye trela zetu. Reli yake ya chini ina vitundu vidogo vya kutolea maji upande wa nje. Maji kuingia kwenye reli ni kawaida, yanatakiwa yatoke. Fundi wa rangi akiviziba, au vumbi likivijaza, reli inafurika kuelekea ndani. Safisha vitundu kwa waya kabla ya kulaumu kitu kingine.

Juu ya kila dirisha weka kipande cha alumini cha kutupa maji mbali. Gundi ya nje ipakwe juu na pembeni. Ukingo wa chini uachwe bila gundi ili kilichopenya kitoke. Wateja hulalamika wakiona upande mmoja haukupakwa. Waelezwe.

Sakafu laini

Sakafu ikilegea karibu na ukuta, maji yametoka chini. Matairi yanarusha maji kwa nguvu, na bati la ukuta lililoishia juu ya sakafu linayaongoza moja kwa moja hadi kwenye ukingo wa plaiwudi. Bati lishuke chini ya sakafu sentimita mbili au tatu, na uso wa chini wa plaiwudi upakwe epoksi au lami kabla ya kufungwa. Hata Airstream, trela za alumini za Kimarekani zenye sifa kubwa tangu modeli ya Clipper ya mwaka 1936, hujulikana kwa sakafu za plaiwudi zinazooza upande wa nyuma.

Usisahau mabomba. Jaza tangi, washa pampu, funga mabomba yote, nenda ukalale. Pampu ikijiwasha yenyewe usiku, kuna kiungo kinachotoa maji ndani.

Vumbi kila mahali ingawa kila kitu kimezibwa

Nyuma ya trela inayokwenda kuna hewa hafifu inayovuta, kwa hiyo mlango wa nyuma unakuwa mdomo wa vumbi. Weka kipande cha karatasi kati ya raba na mlango, funga, vuta. Ikitoka kirahisi, raba haibanwi. Sogeza kitasa au ubadilishe raba. Watengenezaji wa Australia na Afrika Kusini hupachika kwenye paa tundu la kunasa upepo lenye chujio, linalojaza hewa safi ndani wakati wa mwendo ili hewa itoke kwenye nyufa badala ya kuingia. Inafanya kazi vizuri sana kwenye changarawe. Ifungwe mvua ikianza.

Unga mweupe kuzunguka ribiti

Hasa pwani. Chuma na alumini vikigusana penye chumvi na unyevu, alumini huliwa, tundu linapanuka, ribiti inalegea. Tenganisha metali kwa tepu au praima, tumia ribiti za alumini, na osha trela kwa maji yasiyo na chumvi ukitoka Bagamoyo au Diani.

Ukijenga mpya

Punguza mishono, ndilo neno langu kuu. Mwaka 1968 kule Winnipeg, Kanada, Ray Olecko alitengeneza trela ndogo ya Boler kwa vipande viwili tu vya faibaglasi, cha juu na cha chini, vikaunganishwa kwa mkanda mmoja. Nyingi za enzi hizo bado ziko barabarani, na sababu kubwa ni kwamba hazina kona za kuvuja. Karakana yenye fundi wa faibaglasi wa boti inaweza kufanya hivyo. Anayetumia alumini atafute bati la paa la kipande kimoja linaloshuka kuta zote mbili, apitishe nyaya za sola ukutani chini ya ukingo wa paa, na abandike miguu ya sola kwa gundi badala ya kuitoboa. Kila tundu usilolitoboa hutalikagua maisha yako yote.

Baada ya ukarabati wowote, usiharakishe kufunga ukuta. Kipima unyevu cha mbao kinapatikana kwa bei ya kawaida: kikionyesha zaidi ya asilimia 20, ukungu una chakula, chini ya 15 ni salama. Dar es Salaam au Mombasa huenda hata mbao nzuri isishuke hivyo kwa sababu ya hewa yenyewe, basi pima kwanza ubao wa kabati ambao haujawahi kulowa, uufanye kipimo chako, na usubiri sehemu iliyokarabatiwa ifikie namba hiyo. Acha ukuta wazi, feni ikipuliza, mvua moja kubwa inyeshe, pima tena siku ya pili, ndipo upige ubao wa ndani.